Chupa Zisizo na Jina

(Mazungumzo ya mweka hazina wa kwanza wa kikundi siku ya kuadhimisha miaka kumi, mwaka 2025. Yameandikwa kama yalivyosemwa.)

 

Katibu aliponiita alitaka nieleze historia ya kikundi. Nikamwambia historia watu wanaijua, na wasioijua wataisoma kwenye kurasa za mbele za kitabu hiki. Tulianza wanawake kumi na wanane chini ya mwembe mwaka 2015, hisa moja shilingi elfu moja, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Mwaka 2017, kwa hali ilivyokuwa huku kwetu, tulifunga vikao kabla jua halijashuka, lakini hatukuruka hata wiki moja. Hayo ni ya kujivunia, wengine watayasema vizuri kuliko mimi. Mimi nataka kuzungumza habari ambayo kwenye daftari la mikopo haimo, na haimo kwa sababu mwandishi wa daftari nilikuwa mimi.

Mwaka 2018 nilichukua mkopo wa shilingi laki nne. Kwenye fomu, palipoandikwa "Sababu ya mkopo", nikajaza "biashara ndogondogo". Ndivyo tulivyokuwa tukijaza wote, si ndiyo? Nikapanda boti mpaka Nyamisati, nikapita Kibiti, nikaenda zangu Kariakoo. Nikarudi na chumvi, sabuni, viberiti, betri za tochi, na vitu viwili vilivyokuwa na faida kuliko vyote: katoni mbili za krimu za kung'arisha ngozi, na dumu la lita tano la dawa ya wadudu.

Nianze na dumu.

Mnawajua kaa wa huku. Unapanda mpunga leo, kesho asubuhi miche imekatwa kama kwa wembe. Wazee waliomo humu wanakumbuka DDT ilivyomwagiwa kaa zamani, na wanakumbuka ilivyosifiwa. Sasa mkulima wetu hana fedha ya kununua dumu zima, wala hana shamba la dumu zima. Anataka robo lita. Basi mimi nikawa napima. Nikaokota chupa za soda, za plastiki, nikazisuuza, nikamimina robo lita kila chupa, nikauza shilingi elfu tano. Dumu nililinunua elfu sitini, nikatoa chupa ishirini, laki moja kamili. Mtu anayetaka ya kunguni nilimpimia kwa kizibo. Faneli ya dawa ilikuwa mbali na faneli ya mafuta ya kula, hilo nilijitahidi, ingawa zote zilining'inia kwenye msumari mmoja.

Dumu lenyewe lilikuwa na karatasi yake: maandishi madogo, picha ya fuvu, na mkanda wa rangi ya njano kwa chini. Jina la dawa sikulisoma. Nilipomaliza kupima, dumu tupu nikaliuza shilingi elfu moja na mia tano kwa mama mmoja aliyekuwa anatafuta dumu la maji. Yule mama ni mtu safi sana. Alilisugua kwa mchanga na sabuni mpaka karatasi yote ikatoka. Likang'aa.

Ile chupa ninayotaka kuisema niliuza mwanzoni mwa mwaka 2019 kwa baba mmoja wa kitongoji cha ng'ambo. Mkewe yumo humu ndani na amenipa ruhusa niseme bila kumtaja. Yule baba aliitundika dunguni, shambani. Mchana mtoto wao wa miaka minne akaona kiu. Juu ya dungu akaona chupa ya soda, na ndani kitu cha rangi ya manjano kama orenji. Mtoto wa miaka minne hajui kusoma, lakini chupa ya soda anaijua vizuri.

Alimeza mafunda mawili, labda matatu, kisha akalia kwamba inaunguza. Kabla hawajafika nyumbani mate yalikuwa yanamtoka kama povu la omo, jasho limemlowesha, anatapika, miguu haina nguvu. Jirani mmoja akasema apewe maziwa. Mwingine akasema atiwe kidole atapike yote. Wakafanya yote mawili. Mimi niliitwa kwa kuwa mimi ndiye muuzaji. Tukaingia botini, na maji yalikuwa yamekupwa. Mnajua safari ya maji kupwa. Mara mbili tulishuka kwenye tope kusukuma, mama kampakata mtoto, mimi nasukuma boti na kusoma kila dua ninayoijua.

Tulipofika, daktari kijana akauliza swali moja: "Kanywa dawa gani?"

Mama akanitazama. Nikasema, dawa ya kaa.

"Dawa ya kaa siyo jina, mama. Inaitwaje?"

Akina mama, sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimeuza chupa ishirini za kitu nisichokijua jina. Chupa niliyokuja nayo mkononi ilikuwa na picha ya machungwa. Nikasema dumu lake lipo kijijini, nitume mtu akasome karatasi. Simu ikapigwa, mtu akakimbia kwa yule mama aliyelinunua, akakuta dumu jeupe limejaa maji ya kunywa, na karatasi hakuna.

Yule kijana alinieleza baadaye kwa nini aliuliza. Dawa za wadudu si za ukoo mmoja. Kuna zile zinazokamata mishipa ya fahamu ili ishindwe kujizima, mtu anatoka mate, jasho, machozi, mboni ya jicho inakuwa ndogo kama tundu la sindano, na mwisho pumzi inakata. Hizo zina sindano yake, inaitwa atropini. Kuna za ukoo wa DDT, zinaleta degedege, na atropini haizitibu. Kuna za magugu ambazo zinaharibu mapafu taratibu, mtu anaamka kesho anajiona amepona, kumbe bado. Ukijua jina unaanza matibabu palepale. Usipojua unabahatisha kwa dalili, na dakika zinakwenda. Yeye alifungua jicho la mtoto, akaona mboni, akaamua. Wakakesha naye, sindano juu ya sindano, hadi alfajiri mate yakakauka.

Yupo. Yuko darasa la nne na anapenda mpira. (Makofi.) Ahsanteni, lakini makofi hayo ni ya yule daktari. Mimi sikustahili hata moja.

Kwa kuwa kitabu hiki kitakaa majumbani, nitasema alivyonifundisha ili yaandikwe. Mtu akinywa dawa ya wadudu au mafuta ya taa, usimlazimishe kutapika, maana kinaweza kurudi kwa njia ya mapafu. Maziwa hayazimi sumu, wala mafuta, mafuta mengine yanaisaidia kuingia mwilini haraka. Kama imemmwagikia, vua nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, na wewe unayemwosha linda mikono yako. Halafu mpeleke, na uende na chupa yenye karatasi yake. Ile karatasi ni nusu ya tiba.

Na ule mkanda wa rangi nilioudharau una maana. Nyekundu ni hatari kupita zote, njano inafuata, halafu bluu, halafu kijani. Hata ya kijani si juisi. Kwa hiyo mimi ile ya njano, ya pili kwa ukali, ndiyo niliyokuwa naipimia watu kwa kizibo ili wakapake kwenye vitanda wanavyolalia na watoto.

Wenye mikorosho kule Kibiti na Bungu nao nawaambia, salfa si unga wa muhogo. Mwenye kuipuliza avae kitambaa usoni, afunge mikono, na nguo zake zisifuliwe beseni moja na nepi za mtoto. Mifuko yake nimeona ikitandikwa kuanikia mpunga. Na dumu la dawa likiisha, lisuuzwe mara tatu, maji yake yarudi kwenye bomba la kupulizia, kisha litobolewe lisimtamanishe mtu. Dumu la elfu moja mia tano lile nililinunua tena kwa elfu mbili, nikalitoboa kwa msumari wa moto, huku yule mama akinitazama kama mwenda wazimu. Alikuwa amelitumia miezi saba.

Kuna jambo jingine kuhusu zile chupa ambalo kulisema kunanipa taabu zaidi, kwa kuwa lile la mtoto ni bahati mbaya na hili si bahati mbaya. Kulikuwa na bwana mmoja akinunua chupa nne kwa mpigo. Shamba lake nalijua, si shamba la chupa nne. Nikapokea elfu ishirini yangu nikanyamaza. Mnajua zilikokwenda. Maji yakipwa, mtu anamimina kwenye kijito, na baada ya muda kamba na samaki wanaelea, anakusanya kwa tenga bila jasho. Lakini pamoja na hao wakubwa wanakufa vifaranga ambavyo yeye havimfai kitu. Kamba wetu wanakulia humu kwenye mizizi ya mikoko, ndiyo maana delta hii, yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote katika pwani ya Tanzania, ikawa maarufu kwa kamba. Mtu anayemimina sumu kijitoni anaua mavuno ya miaka inayokuja. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, na hiyo ni pamoja na ile ya mti, utupa wa mababu. Ila utupa jua linauvunja kwa siku chache. Hizi za dukani nyingine zinakaa. Ile endosalfani, ambayo wavuvi wengi waliijua kwa jina la Thiodan, mwaka 2011 iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali ambazo dunia imekubaliana kuziondoa, na Tanzania imo katika mkataba huo tangu 2004. DDT nayo imo, imebakizwa kwa kazi ya mbu wa malaria tu. Hiyo inakaa ardhini miaka na miaka, inajificha katika mafuta ya mnyama na ya mtu, na mama ananyonyesha nayo.

Ukimtazama samaki gulioni, huwezi kujua amekufaje. Mimi nimeuza samaki, najua. Samaki naye ni chupa isiyo na karatasi.

Sasa naingia mahali pagumu, maana wauzaji wenzangu mmo humu. Krimu. (Minong'ono.) Tulieni, nilikuwa muuzaji kuwashinda nyote.

Krimu moja nilinunua elfu tatu, nikauza elfu tano. Chumvi pakiti nzima faida yake shilingi mia. Hesabu hiyo haihitaji shule. Na wateja hawakukosekana: bibi harusi, mwali anayetolewa, mama ambaye mumewe ameanza kurudi usiku. Tena nilikuwa nakoroga mwenyewe, krimu mbili na tyubu moja ya dawa ya fangasi na mafuta kidogo, nauza kwa kikopo cha blubendi kisicho na maandishi yoyote. Hapo ndipo faida ilipokuwa, kwenye kikopo kisicho na maandishi.

Baada ya yale ya mtoto nikapata tabia ya kusoma karatasi. Nikazigeuza krimu zangu, nikakuta nyingine zina maneno, nyingine hazina mtengenezaji, hazina tarehe, hazina hata nchi. Nikamfuata bwana afya na maneno niliyonakili. Akanisomea moja moja. Haidrokwinoni: inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, na rangi ile ndiyo mwavuli wetu wa jua. Ukiitumia muda mrefu, ngozi inageuka, inapata weusi wa kibuluu mashavuni ambao hautoki tena, na mwenye nao anapaka zaidi ili auondoe. Mmeyaona mashavu hayo. Klobetasoli: hiyo ni steroidi, dawa ya hospitali ya kupaka siku chache kwa ugonjwa. Ukiipaka mwili mzima kila siku, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya vitumbua, inachanika michirizi, na kidonda hakifungi upesi. Mama wa namna hiyo akipasuliwa wakati wa kujifungua, anayemshona anapata kazi.

Halafu zebaki. Kwenye karatasi inaandikwa kwa majina mengi: merkyuri, kalomeli, na zaidi ya yote haiandikwi kabisa. Bwana afya akaniambia kuna dalili moja ya ajabu: ukiona krimu imeandikwa usiguse nayo pete au mkufu wa dhahabu, fedha au sufuria ya alumini, iogope, kwa kuwa zebaki inashambulia madini hayo. Nikakumbuka mteja mmoja aliyenilalamikia kwamba pete yake ya ndoa imefifia. Nilimjibu mumewe alimnunulia feki. (Vicheko.) Cheka tu. Yule dada tulimuudhi sote wawili, mimi na mume asiye na kosa.

Zebaki inapita kwenye ngozi, inakwenda kwenye figo na mishipa ya fahamu. Kwa mama mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Kwa anayenyonyesha inapita kwenye maziwa, na mtoto anailamba kwenye kifua na mikono ya mama. Na haikai kwa mwenye kupaka peke yake. Unaoga, maji yanakwenda mtoni. Kwenye tope vijidudu vinaigeuza kuwa zebaki kali zaidi, inaingia kwa wadudu, kwa samaki mdogo, kwa samaki mkubwa, na inaongezeka kila hatua.

Kuna mji wa wavuvi kule Japani unaitwa Minamata. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga maji machafu yenye zebaki kwenye ghuba yao miaka mingi. Walioanza kuonekana ni paka, waliokula vichwa vya samaki: wakawa wanacheza kama wamelewa, wanaanguka baharini. Mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa kwa watu, familia za wavuvi, mikono inatetemeka, macho hayaoni pembeni, ulimi mzito. Na wanawake wakazaa watoto walemavu ilhali wenyewe wanaonekana wazima. Ndiyo maana mkataba wa dunia wa kuzuia zebaki, wa mwaka 2013, unaitwa Mkataba wa Minamata, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kwamba mwisho wa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki, hata kidogo, ni 2025. Yaani mwaka huu wa sherehe yetu.

Sisemi vikopo vyangu vingeifanya delta kuwa Minamata. Kiwanda ni kiwanda na kikopo ni kikopo. Nasema tu kwamba nilipokuwa nikisoma habari ya wale paka nilikuwa nimekaa kwenye baraza langu, mbele yangu kijito, na ubavuni katoni. Kanuni za nchi yetu nazo zinakataza vipodozi vyenye viambata sumu, na kwanza kazi hiyo ilikuwa ya TFDA, tangu 2019 iko kwa TBS. Kwa hiyo mnaposikia Katibu akisema "tuwe waangalifu" maana yake ni kwamba biashara ile haiko kisheria. Mimi nilikuwa mweka hazina na sikujua. Au sikuuliza.

Niseme na la risasi haraka, maana nawaona vijana wa nyavu pale nyuma. Kuyeyusha betri mbovu za gari kutengeneza chubwi za wavu ni kazi hatari, na kuyeyushia kwenye sufuria ya jikoni, karibu na watoto, ni hatari mara mbili. Risasi inadumaza akili ya mtoto na haina dawa ya kurudisha kilichopotea. Nendeni nje, mbali, na sufuria hiyo isirudi jikoni. Basi.

Sasa kikundi. Mwaka jana jambo hili lilikuja kikaoni, tukagombana. Wapo waliotaka muuzaji wa krimu afukuzwe. Mimi nilikataa na leo nakataa tena. Nilipouza mimi hamkunifukuza, na riba ya mkopo ule iliingia sandukuni, tukagawana sote kwenye mgao wa mwisho wa mwaka. Kila aliyekuwa mwanachama mwaka ule amekula senti mbili tatu za chupa ile ya soda. Sanduku letu lina kufuli tatu za kuzuia fedha isitoke ovyo. Ya kuuliza fedha imeingiaje hatukuitia.

Mwenzetu mmoja akasema, "Sisi si polisi, na mteja anataka mwenyewe." Kweli, mteja anataka. Hata yule baba alitaka dawa ya kaa. Lakini alitaka aijue ni dawa gani, au alitaka kaa wafe tu? Mimi niliyemuuzia ndiye niliyekuwa na karatasi mkononi. Mwingine akasema neno ambalo mpaka leo sijalipatia jibu zuri: "Nikiacha krimu nitasomesha kwa chumvi?" Dada yangu, sitakudanganya. Nilipoacha, genge langu liliyumba miezi kumi na minne. Sasa nauza mafuta ya nazi, liwa, unga na vitenge viwili vitatu. Faida haijafikia ile, na kwa hesabu zangu haitafikia.

Ndiyo maana nililoleta leo ni ombi la fedha. Kwanza, fomu ya mkopo ibadilike. Badala ya "biashara ndogondogo", mtu aandike bidhaa, na kama ni kitu cha kupaka, kula, au kupuliza, alete kimoja kikaoni tusome karatasi yake pamoja: jina, mtengenezaji, tarehe ya mwisho, alama ya TBS. Wasomaji wazuri tunao, mabinti zetu wamemaliza kidato cha nne wamekaa. Dawa za shamba zinunuliwe kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Viuatilifu, na wenye mashamba yanayopakana wanunue chupa moja ya kiwandani kwa shirika, yenye karatasi, ikae mahali pamoja pa kufungwa. Asipime mtu. Pili, mwanachama anayekubali kutoa krimu zake zote apewe mkopo wa kubadilisha biashara usio na riba, miezi kumi na minne. Nimetaja miezi hiyo kwa kuwa naijua. Mwenyekiti anasema mfuko utapungua. Utapungua, ndiyo. Nimepiga hesabu, kila mmoja wetu atakosa kiasi kisichofika bei ya krimu tatu kwenye mgao.

Limebaki moja, wanaloniuliza sana: hivyo vitu tuvitupe wapi? Hapa msinifuate mimi. Mwaka 2019 nilikuwa na haya na hasira, nikachimba shimo nyuma ya genge, nikafukia chupa kumi na moja za dawa zilizobaki na vikopo vyote vya krimu. Nikapanda mchicha juu yake, nikajiona nimetubu. Mwaka 2024, mwezi wa nne, mafuriko ya Rufiji yakatufikia. Mnayakumbuka, wengine mlilala juu ya mapaa. Maji yalipoondoka nilikwenda nyuma ya genge. Shimo lilikuwa wazi, limesafishwa kama sahani. Nilikuta chupa mbili.

Kwa hiyo msifukie, msichome, na mtoni msimwage. Acheni kwenye vyombo vyake, vikiwa vimefungwa, na karatasi zake. Bwana afya amekubali kuja na boti Alhamisi ijayo asubuhi, maji yakijaa, avipeleke wilayani. Hatauliza jina la mtu. Fomu mpya anazo Katibu, ziko pale mezani karibu na keki.